Wiki Nzima Angani

Fundi viatu alikuwa ameizoea benchi ya ofisi ile ya serikali kuliko kitanda chake. Tangu binti yake wa pekee afie ng'ambo kwenye kazi za ndani, mwezi wa nne sasa, kila Jumatatu alifunga kibanda akaja kuuliza mwili utafika lini. Haja yake ilikuwa moja tu: amlaze kando ya marehemu mama yake.

"Mzee wetu, leo umekuja na godoro?" mlinzi alimtania getini.

"Godoro nimewaachia wakubwa zako. Wao ndio wanaolala kazini."

Dirishani jibu lilikuwa lile lile: huko ni mbali mno, mzee, vuta subira. Na Fundi, pamoja na ulimi wake wa shubiri, hilo la umbali alikuwa akiwasamehe. Binti alipoondoka, simu yake ya kwanza iliingia baada ya wiki nzima. Basi kichwani mwa Fundi ndege ilikaa angani wiki nzima, na maiti, isiyo na haraka, pengine ikasafiri polepole zaidi.

Siku hiyo jirani yake kwenye benchi alikuwa mwanamke mwenye bandeji mkononi, aliyerudi juzi kutoka nchi ile ile.

"Pole na safari, mwanangu. Wiki nzima angani, miguu haivimbi?"

"Wiki nzima?" Mwanamke akacheka. "Baba, ni masaa matano! Unapanda umeshiba, unashuka njaa haijauma."

"Acha utani. Wangu mimi alipiga simu baada ya wiki."

Kicheko kikakatika. "Simu waajiri wanatunyang'anya mlangoni, baba. Mimi yangu nilirudishiwa nilipoacha kulia."

 Wiki ile Fundi alikuwa akiwaringia majirani kwamba mtoto wake yuko mawinguni.

Akainuka bila kuitwa, akaupiga kiganja ubao wa dirisha. "Masaa matano! Miezi yote hii mnanizungusha kwa masaa matano?"

Karani akainamisha uso. Chini ya meza Fundi aliona viatu vyake, soli mpya kabisa, viatu vya mtu asiyetumwa kumfuata yeyote.

"Mzee, tulikuwa tunatafuta namna ya kukwambia. Walishamzika huko, mwezi uliopita. Walisema ndugu hawakujitokeza."

"Hawakujitokeza? Na huyu anayewamalizia benchi ni nani?"

Karani akafungua faili, akalifunga.

"Nani alisimama kaburini?"

"Hatukuarifiwa."

"Ndege za huko zipo?"

"Zipo, mzee. Kila siku, asubuhi na jioni."

Fundi akafumbua mdomo awatukane, wakubwa na wadogo, mmoja mmoja. Matusi aliyoyalea miezi yote yakamkimbia. Nyuma yake foleni ikaanza kunung'unika.

"Mzee, kama umeshajibiwa tupishe, bwana."

Akawapisha.