Vitukuu wa Minyoo na Masharubu Yangu

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa masharubu yangu, na kinyozi mstaafu hana kitu kikubwa zaidi cha kuapia. Masharubu nilirithi kwa baba, upara nimerithi kwa mjomba, na maneno mengi nimejitafutia mwenyewe.

Mjukuu wangu hufuga minyoo. Si wale wa tumboni. Hawa ni wadogo kama nukta iliyoota mkia, wanaishi juu ya jeli ndani ya visahani vya plastiki, kwenye maabara ya ghorofa ya pili. Nyumbani tunamwita Mama Minyoo. Mimi humpelekea chakula cha mchana, kisha nakaa kwenye kigoda na kumuuliza maswali mpaka achoke. Sayansi yangu yote nimeiokota pale, na palipopungua nimejazia.

"Babu, kila chembe ya mwili wako ina kitabu kizima cha maagizo," aliniambia. "Ila kila moja inafungua kurasa zinazoihusu tu. Nyingine zimefungwa."

"Basi ukurasa wa nywele umefungwa utosini, umeachwa wazi masikioni."

"Na wa mdomo haujawahi kufungwa," akasema.

Akanionyesha yai la mnyoo kwenye hadubini. Eti yai hilo halijui mbele wala nyuma mpaka mbegu ya baba iingie, na upande ilikoingilia ndio unaokuwa mkia. Nilipomsimulia mke wangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Ndiyo maana ukiingia jikoni kwangu kila kitu kinarudi nyuma."

Sasa, siku yenyewe. Mama Minyoo alikuwa amewalisha minyoo fulani bakteria wabaya. Wakaugua, wakajifunza kuwakwepa. Alichotaka kujua ni kama vitukuu wao, ambao hawajawahi kuonja bakteria hao, nao watawakwepa. Kwa hiyo kila kisahani kilikuwa na tone la bakteria wazuri upande mmoja na tone la wabaya upande wa pili, na vitukuu katikati wachague wenyewe. Visahani vya ukoo uliougua vilikuwa na vifuniko vyekundu. Vya ukoo ulioshiba salama, vya buluu. Mchana huo Profesa, bosi wake, mama asiyecheka hata akitekenywa, angekuja kuangalia. Akiona hakuna la maana, kabati la joto la minyoo wangempa jamaa anayefuga nzi, na kazi ya mjukuu wangu ingeishia hapo.

"Naenda kumwita Profesa," Mama Minyoo akasema. "Babu, nakuomba usiguse kitu."

Sikugusa kitu. Niligusa vifuniko tu.

Vilikuwa vimeingia ukungu wa mvuke, na mtu aliyefuta vioo vya saluni maisha yake yote hawezi kukaa mbele ya kioo chenye ukungu mikono ikatulia. Nikavivua vyote, nikavifuta kwa leso mpaka vikang'aa. Ndipo nikagundua kwamba nina rundo la vifuniko vyekundu na buluu upande huu, na rundo la visahani visivyo na kofia upande ule.

Jasho likanitoka hadi kwenye zile nywele za masikioni.

Lakini kichwa changu kina upara kwa nje tu. Nikachungulia kila kisahani kwenye hadubini. Palipokuwa na minyoo waliojazana kwenye tone zuri, nikavika chekundu: hao ndio waliorithi hofu. Palipokuwa na waliolivamia tone baya, buluu. Nilikuwa namalizia cha mwisho mlango ulipofunguliwa.

Profesa akachungulia kimoja, cha pili, cha tatu. "Wekundu wote wamekimbia. Buluu wote wamekwenda kula sumu. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

Mama Minyoo hakufurahi. Aliangalia vile vifuniko, kisha akaniangalia mimi. "Hata watoto wa tumbo moja hawakubaliani hivi. Babu, umeona nini nilipotoka?"

"Makubwa," nikasema. "Bibi mmoja wa minyoo alisimama juu ya mkia, akawaonya wajukuu: kile chakula kilimlaza mama yangu."

"Minyoo hawana sauti."

"Alionya kwa ishara."

"Kwa mikono ipi?"

"Kwa mkia."

"Si umesema ameusimamia?"

"Alikuwa anabadilisha," nikasema. "Nikiwa naongopa, chukua masharubu yangu."

Akainua kisahani chenye kifuniko chekundu, akakigeuza chali. Huko chini, kwa kalamu yake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: ukoo ulioshiba.

"Sisi huandika chini, Babu," akasema taratibu. "Vifuniko hutembea. Leo vimetembezwa."

Wakavigeuza vyote, wakaanza kuhesabu upya kwa kufuata maandishi. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nimejikunja kama minyoo wenyewe. Vitukuu wa ukoo uliougua hawakukimbia wote. Kisahani kimoja kizima walikuwa wanakula sumu kwa raha zao. Lakini waliokimbia walikuwa wengi kuliko wa ukoo ule mwingine, kwa mbali.

"Hii naiamini," Profesa akasema. "Kabati libaki hapa. Wa nzi atasubiri." Halafu akanigeukia, na wallahi akacheka. "Mzee, nadhani kuna deni."

Mnakumbuka nilichoapia pale juu? Nilikiapia kikiwa hakipo tena. Mama Minyoo alininyoa jioni ileile kwenye kiti changu cha zamani, kwa wembe wangu mwenyewe, na mkono wake ni mwepesi, hilo nalo nadhani amelirithi. Mke wangu alisimama mlangoni na taulo begani.

"Kumbe chini ya msitu ule," akasema, "kulikuwa na mdomo wa mjomba wako."