Amri Iliyochelewa

Laurencia alikuwa amejikunja chini ya dashibodi ya lori la vitunguu, nyaya mbili mdomoni, wifi yake Selestina alipoingia gereji na karatasi mkononi. Hakusubiri atoke. Alimsomea pale pale, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Karatasi ilikuwa imeandikwa kana kwamba anayesema ni Leonce, mume wa Selestina na kaka yake Laurencia: mimi, dereva na mwongoza wageni kwa miaka kumi na sita, nakiri kwamba jana Jumatatu jioni, nikipandisha gari kutoka kreta ya Ngorongoro na wageni watano, nilizembea kubadili gia, nikazimisha injini, gari likarudi nyuma likagonga ukingo, na mgeni mmoja akavunjika mkono. Chini kulikuwa na mstari wa saini, mtupu.

"Bosi wake, Filbert, amempa mpaka Ijumaa saa nne asubuhi," Selestina alisema. "Akisaini, anarudisha leseni ya kuongoza wageni na mambo yanaisha. Asiposaini, Filbert anasema atampeleka polisi mwenyewe. Wifi, mimi magari siyajui, wewe ndiye fundi. Kweli Leonce anaweza kuzimisha gari kwenye kilima kile?"

Laurencia alitema nyaya. Leonce! Mtu anayepandisha Land Cruiser iliyojaa wageni huku anawasimulia habari za faru, bila hata kikombe cha chai kumwagika. Damu ilimchemka mpaka masikio yakawa moto. Alimwambia Selestina arudi nyumbani Ganako, karatasi isisainiwe, na asimwambie mtu kwamba wameonana. Lori la watu akaliacha na dashibodi wazi.

Gari la Leonce lilikuwa limeshavutwa mpaka yadi ya kampuni, nyuma ya stendi ya Karatu, ubavu mzima umebonyea. Mlinzi alimruhusu kwa sababu alimzoea. Ni yeye aliyefunga umeme wa magari yote tisa pale. Aliingiza mkono chini ya usukani akakuta kile kisanduku alichokifunga kwa mikono yake mwezi wa tatu. Si kikubwa kuliko kiberiti. Ndani kina laini ya simu, na kazi yake ni kumwonyesha mwenye gari, kwenye simu yake, gari liko wapi na linakwenda mwendo gani. Likiibwa, mwenyewe anatuma ujumbe mfupi, kisanduku kinakata umeme wa pampu ya dizeli, injini inazima, mwizi anabaki na mabati.

Aliunganisha simu yake na kisanduku, akasoma kumbukumbu. Amri ya kuzima ilitumwa Jumatatu saa kumi na dakika nane. Ilipokelewa saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili.

Alirudia kusoma, kisha akakaa kwenye kiti cha dereva kilichojaa vipande vya kioo, akatukana kwa Kiiraqw, tusi refu ambalo mama yake asingependa kulisikia. Hakuna mguu ulioteleza wala gia iliyokosewa. Saa kumi na dakika nane Leonce alikuwa chini kreta, upande wa msitu wa Lerai, ambako mtandao huja na kupotea, na saa ile ulikuwa umepotea. Ujumbe ukamsubiri, kama barua iliyoachwa dukani mpaka mwenyewe apite. Alipopita kona ya tatu ya kupanda, pale ambapo simu za wageni wote huanza kulia kwa pamoja, kisanduku nacho kikapata mtandao, kikapokea amri yake, kikatii. Kikakata dizeli wakati Leonce amekanyaga klachi ili ashushe gia, na injini ikizima breki nazo huwa nzito.

Na hapo ndipo hasira ya Laurencia ilipokosa pa kwenda, maana kisanduku kile kina mpangilio wa kuzuia kisikate kitu gari likiwa linatembea. Ni alama moja tu, unaigusa kwenye simu. Siku ya kufunga aliigusa. Filbert, aliyekuwa amesimama nyuma yake akichokonoa meno, akamwambia aiondoe. "Mwizi atakuwa anatembea, fundi, si amepaki. Sasa itanisaidia nini?" Laurencia alibisha kidogo. Kidogo tu, kwa sababu ilikuwa kazi yake ya kwanza ya magari tisa kwa mpigo, baada ya miaka minane ya kuambiwa mwanamke atauguza gari badala ya kulitengeneza. Akaiondoa. Akajaribu hapo hapo yadini, mtandao umejaa, gari likazima baada ya sekunde tatu, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza itakuwaje kreta, na wote waliokuwepo ni watu wa kreta.

Alimkuta Filbert ofisini kwake anakunywa chai na maandazi. Filbert alikuwa mtu wa Oldeani, dereva wa zamani, na hilo ndilo lililomuudhi Laurencia zaidi. Angekuwa mgeni wa mjini angesema hajui.

"Ulituma amri Jumatatu," Laurencia alisema bila salamu.

"Karibu, fundi. Keti." Filbert alifuta vidole. "Nilituma. Gari langu, simu yangu. Liliganda Lerai dakika hamsini, ramani ilikuwa inanionyesha kabla haijapotea. Dakika hamsini mtu anafanya nini porini kama hanyonyi dizeli akauze? Nikasema nimzimie, anyooke. Halikuzima. Nikajua kifaa chako kibovu, nikaendelea na mambo yangu."

"Kilisubiri mtandao. Kimezima kwenye kona."

Filbert aliitazama chai yake. Laurencia aliona kabisa kwamba ameelewa, na kwamba ameogopa. Halafu aliona uoga ule unatafuta njia ya kupita, na ukaipata.

"Sawa," Filbert alisema taratibu. "Tuseme hivyo. Nilituma mimi. Na ule waya wa pampu aliukata nani, akaunganisha nani? Ile alama ya usalama iliondolewa na kidole cha nani? Mimi nimesoma mpaka la saba, dada yangu. Fundi ni wewe. Tukifika mbele ya polisi, mimi nitasema nilimwamini fundi." Alimsogezea sahani ya maandazi. "Leonce ana shamba, hatakufa njaa. Wewe una gereji, na mji mzima huu unakuletea magari. Funika kombe mwanaharamu apite."

Hakugusa andazi. Alitoka amefura, na alipofika barabarani aligundua kwamba alikuwa ameshaanza kuhesabu magari atakayoyakosa gerejini. Hilo lilimtia hasira kuliko yote. Jumatano yote aliishi nayo. Alimkaripia mwenye lori la vitunguu, ambaye kosa lake lilikuwa kuulizia lori lake. Alimfokea mama muuza maziwa. Alijiambia anangoja apate ushahidi wa kutosha, na alijua ni uongo, kwa sababu ushahidi ulikuwa ndani ya simu mfukoni na kila mara alipokaa ulimbana paja.

Alhamisi mchana alipanda bodaboda mpaka Ganako. Leonce alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, kifua kimefungwa bandeji kwa sababu ya mbavu mbili zilizovunjika, akiwa peku. Hakumwona dada yake anakuja. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unakandamiza udongo, unaachia, unakandamiza, unaachia. Mahali pale palikuwa pameshachimbika.

"Kaka, unafanya nini?"

"Natafuta." Aliendelea. "Najaribu kukumbuka nilivyokanyaga. Nadhani niliachia mapema, Laurencia. Mwanzoni nilikataa, nikasema mimi siwezi. Lakini gari halizimi lenyewe. Nikikaa nikifikiria sana, naona kabisa mguu unaruka."

"Haukuruka."

"Wewe hukuwepo." Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa kama kofi. "Yule mama mgeni ana miaka sabini. Nilisikia mfupa wake. Nimempigia hospitali, nimemwomba radhi. Na kesho nasaini, hata Selestina akasirike. Mtu akikosa, akubali. Labda nimezeeka na sikujiona."

"Usisaini," Laurencia alisema, na sauti ilitoka kali mno mpaka kuku wakakimbia.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alimtazama kaka yake, mguu wake umesimama juu ya kile kishimo, akisubiri sababu. Laurencia alisema tu kwamba ni mjinga, kwamba amekubali kutwishwa mzigo wa watu kama punda, akaondoka bila kunywa uji ambao Selestina alikuwa anautoa jikoni.

Usiku hakulala, na asubuhi hakujidanganya tena. Hasira aliyotoka nayo kitandani ilikuwa na jina, na jina lilikuwa lake mwenyewe.

Ijumaa saa nne kasoro, yadini kulikuwa na madereva saba. Isaya, mwenyekiti wao, mtu mzima wa Endabash, alikuwa amekuja kama shahidi. Leonce aliketi mezani kivulini, karatasi mbele yake, kalamu mkononi, Selestina amesimama nyuma yake. Olais, dereva wa kampuni nyingine, kijana wa Kimaasai kutoka juu ya ukingo, alikuwa amesimama akibishana na Filbert.

"Alinivuta mimi, bosi. Tope la Lerai lilinimeza mpaka ekseli. Dakika hamsini zile ni zangu. Kule chini hakuna anayempita mwenzake aliyekwama, na wewe unajua, umeendesha kule."

"Simshtaki kwa kukuvuta," Filbert alisema. "Nazungumzia kilima."

"Kalamu chini, kaka," Laurencia alisema.

Hakumsubiri mtu amruhusu. Alikwenda kwenye gari lililokuwa karibu, akafungua mlango, akawasha injini, akaiacha inanguruma. Akainama chini ya usukani, akafungua antena ya kisanduku, kijiti chenyewe si kirefu kuliko kidole, akakinyanyua wote wakione. Kisha akamtajia Isaya namba ya laini ya kisanduku na neno la siri. "Baba Isaya, tuma ujumbe huo, kwa simu yako."

Isaya aliandika polepole kwa kidole kimoja, akatuma. Injini iliendelea kunguruma. Dakika moja, dakika mbili, dakika tano. Filbert alicheka.

"Si mnaona? Hakizimi. Nilisema ni kibovu."

"Sasa gari liko Lerai," Laurencia alisema. "Halina mtandao. Ngoja lipande."

Alirudisha antena mahali pake, akaikaza kwa vidole, akatoka nje ya gari, mikono nyuma. Walisikiliza. Mtu mmoja alikohoa. Halafu injini ikanyamaza, papo hapo, bila hata kutetemeka.

Madereva saba walikuwa wanaangalia gari lile, na kila mmoja, ilionekana usoni, alikuwa kwenye kona yake anayoijua, na wageni nyuma, na korongo upande wa pili.

"Bosi alituma saa kumi," Laurencia alisema. "Ikafika saa kumi na moja, kona ya tatu, kaka yangu akiwa amekanyaga klachi. Kumbukumbu ninayo hapa, mwenyekiti, soma. Na magari yote tisa yako hivyo hivyo."

Isaya alisoma, akainua macho. "Kisanduku kama hiki kinaruhusiwa kuzima gari linalotembea?"

"Kina mpangilio wa kukizuia. Uliondolewa."

"Nani aliuondoa?"

Filbert alifungua mdomo.

"Mimi," Laurencia alisema. "Aliniambia niondoe, nikaondoa. Nilijua si sawa. Atakayenishtaki anishtaki, nitasema hivyo hivyo. Lakini leo hakuna gari linalotoka hapa na waya wangu huu."

Alichukua koleo. Filbert alimwambia asiguse mali yake, akasema ataita polisi. Isaya akamjibu kwamba awaite, waje waisome hiyo kumbukumbu. Olais ndiye aliyefungua boneti ya kwanza, ijapokuwa gari halikuwa lake, na madereva wengine wakafungua zao bila kuambiwa. Laurencia alikata, akaunganisha waya wa pampu moja kwa moja kama ulivyotoka kiwandani, akafunga utepe, akahamia la pili. Filbert alikuwa anaongea na mtu kwenye simu, sauti juu, huku akizunguka zunguka. Laurencia alikuwa anafanya kazi kwa hasira, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hasira ile ilikuwa inafaa kitu.

Alikuwa anamaliza gari la nne alipoona miguu ya Leonce imesimama karibu naye. Alitoka chini ya usukani, akajifuta mikono kwenye ovaroli. Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa kaka yake, haijasainiwa. Alidhani atamkumbatia, au atasema asante, na alikuwa ameshaandaa la kujibu.

"Ulijua lini?" Leonce aliuliza.

Angeweza kusema jana usiku. Hakuna ambaye angebisha.

"Jumanne asubuhi."

Leonce aliitika kwa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayeonyeshwa njia.

"Kwa hiyo jana, uliponikuta pale kwenye kigoda, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, kaka."

Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, mkono mwingine ukishikilia mbavu zake. Laurencia alimwambia amsubiri amalize, atamtafutia gari la kumpeleka Ganako, asitembee na mbavu zile. Leonce alikuwa ameshaanza kwenda. Alitoka getini kwa miguu, polepole, na Selestina akamfuata nyuma bila kumwangalia wifi yake. Yalikuwa yamebaki magari matano.