Plasta ya Zawadi

Muuguzi Tshiela aliilowesha ncha ya plasta kwa maji vuguvugu, akaivuta taratibu, na ngozi ikafuatana nayo. Sharifa, kitandani, aliuma kona ya kikwembe alichojifunga. Mshono wenyewe, chini ya kitovu pale alipopasuliwa kumtoa mtoto, ulikuwa mkavu, umefunga vizuri. Kilichoharibika ni pembeni. Kila mahali plasta iliposhika palikuwa pekundu, pamejaa malengelenge yanayovuja maji, kingo zake zimenyooka kama zilizopigwa rula.

"Haiko kidonda njo inaniuma, Mama Tshiela," alisema, akiionyesha plasta kwa kidole. "Njo hii sparadra. Iko inanikula."

"Ninyi wa hospitali mulisema malengelenge haya ni ya uchafu," alidakia Halima, mama yake, aliyekaa chini na kichanga mapajani. "Kisha mukasema amepaka majani. Majani gani? Mimi ndiye namwogesha."

Tshiela alikwisha kuona ngozi za watu wengine, mmoja mmoja, zikiikataa plasta namna ile. Lakini bendeji zilikuwa zimekwisha zamani. Kilichobaki kabatini ni makasha ya plasta, zawadi ya Chama kilichotawala nchi, yaliyoshushwa bandarini kwa ngoma na hotuba. Alitazama mlangoni, akateremsha sauti.

"Mama, rudi nyumbani Mikelenge. Chemsha kitambaa cha pamba, ukianike juani, ulete. Tutamfunga nacho kiunoni."

Kitambaa kilimfaa. Malengelenge yalinywea, mwasho ukapungua, Sharifa akaanza kupata usingizi. Asubuhi moja aliweza kumlaza binti yake kifuani bila kujikunja kwa maumivu. Akamnusa utosi, akacheka peke yake. Tangu ajifungue alikuwa hajacheka.

Ndipo alipokuja Kankolongo, katibu wa Chama pale hospitalini. Wakubwa wa Chama walikuwa wanatarajiwa kutoka Kinshasa, naye alipita kitanda hadi kitanda akifunua mashuka kwa ncha ya kalamu.

"Huyu, mbona amefungwa matambara?"

"Sitwayeni," alisema Tshiela, akimwita kama watu wote walivyoamriwa kuitana siku hizo, "ngozi yake haipatani na plasta."

"Haipatani." Kankolongo alitabasamu. "Plasta ilitoka kwa nani?"

"Kwa Chama."

"Basi sema tena, nisikie vizuri. Huyu mwanamke hapatani na nani?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukuta. Halima alifungua kinywa, Sharifa akamshika mkono.

"Wewe si mke wa Zuberi?" Kankolongo aliuliza kwa upole. "Yule mpakiaji wa pale stesheni?"

"Njo mimi, baba."

"Kazi nzuri ile. Wengi wanaitafuta."

Alisimama tu pale, hana haraka, akichezea kalamu. Tshiela alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni katika mji huu wa Kindu, familia yake ilitoka Kasai, na nyumba aliyolala ilikuwa ya hospitali. Sharifa alimtazama, akaelewa kwamba muuguzi akizidi kumtetea, naye atafukuzwa.

"Bandika, Mama Tshiela," alisema.

"Sharifa!" mama yake alilia.

"Bandika tu."

Tshiela alikata vipande vya plasta. Ngozi changa, nyembamba kama utando wa maziwa, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kurudi. Alivibandika juu yake, kimoja kimoja. Kitambaa Kankolongo alikitupa nje kwa dirisha.

Siku ya wageni ilipofika, Sharifa alikuwa na homa, na shuka lilikuwa limelowa upande mmoja. Kichanga kilikuwa kwa Halima, kinalilia ziwa, maana tumboni hapakugusika tena. Wagonjwa walikalishwa vitandani, wimbo wa Chama ukaanzishwa. Mara mingurumo ya magari ikasikika, ikakaribia, ikapita nje ya ukuta bila kusimama.

"Pigeni makofi!" Kankolongo alipaza sauti, amenyoosha shingo dirishani. "Watasikia! Nguvu!"

Kisha akatoka mbio kuyafuata.

Sharifa alipiga makofi. Kila alipopiga, plasta ilivuta, na kitu cha moto kikamtiririka hadi kwenye nyonga. Vumbi la magari liliingia taratibu, likatua juu ya mashuka. Kule bandarini ngoma zilikuwa zimekwisha kuanza. Wodini bado walipiga makofi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia waache.