Asiye na Viatu Haingii

Jumamosi alasiri Leodegar alikaa kwenye baraza ya nyumba aliyopanga Chang'ombe, akipiga viatu rangi. Alitema mate kidogo, akasugua, akajitazama kwenye ncha ya kiatu, akasugua tena. Mwenye nyumba, Bi. Chausiku, alikuwa akikuna nazi pembeni.

"Karani, hivyo viatu unavivaa au umevioa?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hujanijibu."

Leodegar alikuwa mtoto wa Bukoba. Masomo yake yote ya misheni aliyafuata kwa miguu mitupu, na hilo hakupenda likumbushwe. Sasa alikuwa karani, tena katibu wa Klabu ya Dansi ya Nyota Njema, Temeke. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha juzijuzi, santuri za rumba zimejaa mjini, na kila kijana aliyejua kushika kalamu alitaka tai. Mlangoni mwa klabu kuliandikwa: ASIYE NA VIATU HAINGII. Sheria hiyo aliitunga Leodegar mwenyewe. Siku moja mjumbe aliuliza kama makubazi, yale ya ngozi yaliyo wazi vidoleni, nayo ni viatu. Kamati ilijadili mpaka chai ikapoa, ikaamua kwamba makubazi ni makubazi.

Uamuzi huo ulimwacha nje Somoe, binti wa Kizaramo wa mtaa wa pili, ambaye Leodegar alimpenda mpaka akawa anakosea hesabu za ofisini. Kila Jumamosi Somoe alisimama dirishani na makubazi yake mazuri, akitazama. Kila Jumamosi Leodegar alicheza na karani mwenzake Adelard, kwa sababu wasichana wenye viatu walikuwa haba, na ustaarabu hausubiri.

"Kaniombee kwa kamati," Somoe alimwambia siku hiyo. "Au kamati ni nani, kama si wewe?"

"Sheria ni sheria, Somoe."

"Uliinyooshea mkono ikapita. Nyoosha tena ife."

Leodegar aliahidi kwamba kikao kijacho atanyoosha.

Mpiga gitaa, Marijani, alikuwa kuli wa bandarini, naye hakuwa na viatu. Kamati ilimwekea kiti nje chini ya dirisha, muziki uingie peke yake. Wiki hiyo Marijani alikuwa ametunga wimbo mpya. Ulianza kama dansi la Kizungu la taratibu, ukageuka rumba, katikati ukapita wimbo wa kanisani uliovaa mwendo wa kasida, kisha kwa chini ikaingia ngoma ya mdundiko ya Kizaramo. Padri alisema umeibwa kwake. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema vivyo hivyo. Makarani wazee walisema ni ushenzi. Vijana waliomba urudiwe.

Uliporudiwa, ngoma ilipoingia, kamba za viatu zilijifungua. Viatu vilitoka miguuni mwa wenyewe, kimoja kimoja, vikaendelea kucheza. Vilicheza vizuri kuliko vilipokuwa vimebeba watu. Wenyewe walibaki wamesimama na soksi zilizotoboka visigino. Adelard hakuwa na soksi kabisa. Miguu yake alikuwa ameipaka rangi nyeusi, ifanane na soksi.

Bawabu Kondo, askari mstaafu wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyefika mpaka Burma, aliingia akatazama chini.

"Asiye na viatu haingii."

"Mzee Kondo, mie ni katibu."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Viatu viko wapi?"

"Vile pale, vinacheza."

"Basi viatu vibaki. Wewe toka."

Wakatoka wote. Nje, mchangani, walikuta wenye makubazi na wenye miguu mitupu wakicheza wimbo uleule tangu mwanzo. Somoe alimnyooshea Leodegar mkono.

"Haya karani, leo tumelingana. Na kamati yote iko hapa. Fanyeni kikao."

Wakafanya kikao palepale, wamesimama kwa kupokezana mguu, maana mchanga ulikuwa wa moto. Adelard aliikumbusha kamati kwamba Jumamosi ijayo Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, atakuja kutazama kama vijana wameendelea kiasi cha kupewa kiwanja cha klabu. Je, aje akute makubazi? Hoja mbili zikaletwa: sheria ifutwe, au ibaki, na viatu viruhusiwe kuingia bila wenyewe. Kwenye hoja ya kwanza mkono wa Leodegar ulipanda mpaka kifuani, ukafika kwenye tai, ukaiweka sawa. Kwenye hoja ya pili ulifika juu, hoja ikapita.

Somoe aliurudisha mkono wake. Akageuka, akacheza na Marijani, ambaye alipiga gitaa huku anacheza.

Bwana Shauri alikuja. Aliketi mbele peke yake, akatazama jozi za viatu zikizunguka ukumbini kwa adabu, hakuna anayepiga kelele, hakuna anayedai kitu. Alisema hajapata kuona Waafrika walioendelea namna hii. Ngoma ilipoingia, buti zake nazo zilitoka, zikajiunga. Akabaki na soksi za kijivu, amekunja nne. Kondo aliitazama ile miguu, kisha akatazama mabati ya paa, akayatazama kwa muda mrefu.

Kiwanja kikatolewa.

Leodegar aliyaona hayo akiwa dirishani, mahali pa Somoe. Nyuma yake mchanga ulikuwa ukirushwa.

"Sogea kidogo, karani," Somoe alisema akipita na Marijani. "Unatuzibia njia."

Akasogea.

Kabla ya magharibi viatu vyake vilitoka, vikamngoja mlangoni. Alipovivaa vilikuwa na joto, kama vya mtu aliyecheza vizuri. Jumamosi iliyofuata alivipiga rangi mapema, akavifunga kamba, akavifikisha mlangoni.

"Karibuni ndani," Kondo aliviambia.

Kisha akauziba mlango kwa mkono wake.