Neno Nililolikataza

Mjukuu wangu wa kike alikuwa akijaza pamba kwenye magodoro. Vumbi likimwingia, kifua kilipiga mluzi, na wenzake kazini wakamwita Pumu. "Pumu, lete sindano! Pumu, leo filimbi umeisahau?" Alicheka nao, kisha akirudi nyumbani analia mpaka kifua kinambana upya.

Nikavaa viatu, nikaenda kiwandani kwao.

Msimamizi alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya gunia. Nikamwambia, "Mwanangu, pumu si tusi. Ni ndugu wa pumzi na kupumua, na wazee wetu hata pafu waliliita hivyo. Semeni ana pumu, kama mtu anavyokuwa na homa. Msimwite Pumu."

"Nimekuelewa, Bibi. Nikilisikia tena neno hilo humu, mtu anarudi kwao."

"Hata yule ninayesikia ana mdomo kama redio?"

"Huyo ndiye wa kwanza!"

Nilirudi nikijiona nimefanya la maana. Kweli, walinyamaza. Walinyamaza kabisa.

Miezi miwili baadaye aliajiriwa mama mmoja mshonaji. Hakuna aliyemwambia kitu. Mjukuu wangu naye, kwa raha ya kuitwa jina lake, hakutaka kulianzisha yeye.

Alhamisi asubuhi walikuwa wawili tu katika chumba cha kujazia. Kifua kikambana. Hakuweza kusema, akanyoosha mkono kuelekea mkoba wake ukutani, wenye dawa ya kuvuta. Yule mama akadhani anataka maji. Akampa maji. Akamlaza taratibu, akamfunika mtandio wake, akampepea kwa kipande cha boksi huku akiita watu. Walipofika, mtoto alikuwa ameshaondoka.

Siku ya tatu ya msiba mama yule alikuja kwangu mwenyewe. "Bibi, nilidhani ni njaa. Hakuna aliyeniambia."

Nikamshika mikono. Alimfunika mtoto wangu. Hakumwacha peke yake.

Msimamizi alisimama mlangoni, hathubutu kuingia. "Tulifuata ulivyosema, Bibi."

"Sikusema msiitaje."

"Tuliogopa kukosea."

Nikamkaribisha ndani. Ningemlaumu vipi? Tangu nilipotoka kiwandani siku ile, hata mimi sikuitaja tena. Sikumuuliza hata mara moja, "Mama, pumu inakusumbua leo?" Nilimwona halii, nikaona inatosha.