Kumi Kamili

Bei ile nafuu ya kundi ilikuwa na sharti moja: watu kumi, vyumba vitano. Akipungua hata mmoja, kila mtu analipa nauli ya kawaida, na nauli ya kawaida ya meli ya kitalii, tusidanganyane, si ya watu wa cherehani. Kwa hiyo Fundi, mwenye karakana ya kushonea na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, alizunguka miezi mitatu akikusanya mashoga zake. Wa kumi alikuwa Kicheko, mtia vifungo wake, ambaye walikuwa wakitazamana naye meza kwa meza mwaka wa kumi na nne huo.

Wiki tano kabla ya safari Kicheko akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena.

"Fundi, nitoe kwenye orodha," alisema siku moja, sindano mkononi. "Mwili umekataa. Hela yangu wakinirudishia, nikatibiwe."

"Nikikutoa wewe, shoga yangu, tumekwama wote. Bei ikipanda, wawili kati yetu hawaendi. Jikaze kidogo, hewa ya bahari itakuponya."

Kicheko akacheka, maana ndiyo tabia yake, akakata uzi kwa meno. "Haya. Nitajikaza."

Wiki ya tatu haikuisha, wakamzika.

Fundi alilia mpaka sauti ikamkauka, na alilia kweli, mtu asimsingizie. Lakini hakumpigia wakala wa safari simu. Wenzake wanane walimtazama, naye akawatazama, kisha akasema, "Siku ya safari tutasema kachelewa." Wakakubaliana hivyo, watu wazima na akili zao timamu.

Siku ikafika. Kwenye meza ya mapokezi ya meli, karani, dada mmoja mwenye miwani, alimpa Fundi kadi moja ya mlango.

"Na ya Kicheko, mwenzangu wa chumbani?" Fundi aliuliza. Uongo alikuwa nao tayari mdomoni.

"Keshachukua. Ameshaingia."

Ni kompyuta imekosea, Fundi alijiambia kwenye ngazi, akajiambia tena kwenye korido. Chumbani kulikuwa na vitanda viwili vilivyotazamana, shuka zimenyooshwa vizuri. Kimoja kilikuwa kimebonyea ukingoni, pale mtu anapokaa kuvua viatu.

Kabla meli haijaondoka, kila kundi lilisimamishwa sitahani na maboya kifuani ili lihesabiwe. Baharia akapita akinyoosha kidole. Fundi naye alihesabu wenzake kimoyomoyo, akajijumlisha: tisa. Baharia akamfikia Fundi, wa mwisho kwenye mstari, akapiga hatua moja zaidi, akanyoosha kidole pale pasipo na mtu.

"Kumi. Mmetimia."

"Umemwambia nini huyu?" mmoja wa wale wanane, mwalimu mstaafu, alimnong'oneza Fundi, amemshika mkono.

"Sijamwambia kitu."

Honi ikalia, nchi kavu ikaanza kurudi nyuma. Fundi akashuka mpaka mapokezi.

"Dada, kuna jina ulitoe kwenye orodha yetu. Mwenyewe amefariki. Nilinyamaza ili tusikose bei."

Karani alitazama skrini, akamtazama yeye, asielewe. "Wa chumbani kwako? Amekuja hapa mara mbili leo, anakohoa, maskini. Alitaka hilohilo, atolewe. Nikamwambia mimi siwezi, mpaka kiongozi wa kundi aseme. Si ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi. Basi mtoe."

"Sasa mama, tumeshaondoka. Atashukia wapi?"

Fundi alirudi chumbani, jua bado linawaka dirishani, akakaa kwenye kitanda chake, uso kwa uso na kile kingine, kama walivyozoea kazini. Aliogopa, lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Nisamehe," alisema. "Uliniomba, na mimi nikatazama bei."

Kisha kikohozi, kikavu, mara tatu. Shuka ya kitanda cha pili ikabonyea taratibu.

"Usijali, Fundi," ilisema sauti ileile ya meza ya vifungo, ila haikuwa na kicheko tena. "Si uliniambia nijikaze? Nimejikaza."