Jino la Bibi

Kwanza mjukuu aliona bibi anatafuna upande mmoja tu. Akambembeleza mpaka wakafika kwa daktari wa meno. Daktari akachimba ubovu wote, akakausha tundu, akaliziba, kisha akaweka juu ya jino karatasi ya rangi, ya kuonyesha meno yanapogusana.

“Uma, bibi. Pako sawa?”

“Sawa kabisa, mwanangu.”

Lakini mjukuu aliona kuwa bibi akiuma, meno ya upande wa pili hayakutani. Wakiliacha jino hivyo litauma, na bibi atataka ling'olewe. Mjukuu, ambaye mbele ya wageni huwa bubu, akajikaza.

“Daktari, palipozibwa pamepanda. Anaona haya kukusumbua.”

“Eh, mke mwenzangu, leo umeota mdomo!” bibi akamtania mjukuu wake.

Daktari akacheka, akapasugua mpaka meno yakakutana.

Njiani mjukuu akamshika bibi mkono.

“Usizeeke haraka, bibi. Sina mwingine.”